Mita 37 Ambazo Hazipo

Tangazo lilisema mita za mraba 165. Upanga, ghorofa ya nne, vyumba vitatu, viwili masta, maegesho ya gari moja, milioni 320, maongezi yapo. Mdogo wangu alinitumia saa tano usiku na maneno machache tu: "Dada, hii ndiyo yenyewe." Ana miaka kumi na moja kwenye nyumba za kupanga, kodi ya miezi sita sita, na kila mkataba ukiisha roho juu. Nikamwambia twende Jumamosi.

Pale mlangoni tu nikasita. Sebule nzuri, vigae vinang'aa, upepo wa baharini unaingia. Lakini mita 165 mimi nazijua. Nyumba ya mama yetu kule Tabata inakaribia ukubwa huo, na wakati wa msiba wa baba tulilala humo watu kumi na wanne bila mtu kumkanyaga mwenzake. Hapa makochi mawili na meza ya chakula vingegombania nafasi. Kesho yake tulirudi na futi ya fundi, ile ya chuma. Sebule, mita 5.2 kwa 4.1. Chumba kikubwa, 3.9 kwa 3.6. Chumba cha tatu, kile ambacho mpiga picha alijibana kwenye kona ili kionekane kirefu, 2.7 kwa 2.4: ukiweka kitanda cha tano kwa sita, mlango wa kabati haufunguki. Tukapima jiko, vyoo, baraza, mpaka kile kijinafasi cha mashine ya kufulia. Nikajumlisha mara mbili, kisha akajumlisha yeye. Tukapata 126.

Tukaomba nakala ya hati, tukalipia upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ramani ya jengo iliyosajiliwa inasema nyumba ile ni mita 128. Futi yetu na Msajili wanaelewana. Ile 165 haipo popote isipokuwa kwenye tangazo.

Nikampigia dalali. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Dada yangu, hiyo 165 ni pamoja na korido, ngazi na pa kuegesha gari. Ndivyo soko linavyohesabu."

Hapana, kaka. Korido si ya muuzaji. Tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo tangu mwaka 2008, na kinachouzwa kwa hati ya sehemu ya jengo ni ile sehemu iliyochorwa na kupewa namba. Korido, ngazi, lifti na paa ni mali ya pamoja ya wamiliki wote. Haki ya kuvitumia unaipata, ndiyo, na kuvitunza utachangia kila mwezi, lakini huwezi kuweka kitanda cha mtoto kwenye ngazi. Na akiuza korido huyu wa ghorofa ya nne, na yule wa ya tano, na wa ya sita, korido moja itakuwa imelipiwa mara ngapi?

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye machungu. Milioni 320 ukigawa kwa 165 unapata milioni 1.94 kwa mita. Mdogo wangu alilinganisha matangazo kumi na tano kwa njia hiyohiyo, kwenye daftari la shule la mwanawe, na hii ikatoka ya bei nafuu kuliko zote. Ukigawa kwa 128, ambayo ndiyo nyumba yenyewe, ni milioni 2.5 kwa mita, na kwenye daftari lake inakuwa miongoni mwa tatu za ghali. Zile mita 37, kwa bei ileile ya tangazo, ni karibu milioni 72. Hiyo ni akiba yake ya Saccos na kiwanja cha Chanika alichokuwa tayari kukiuza.

Najua nitajibiwa kwamba kumbukumbu za serikali nazo hazina usafi. Ni kweli, nakubali, ingawa sipendi kukubali. Kwenye bei watu wanadanganya, tena muuzaji na mnunuzi kwa makubaliano: wanalipana kiasi kimoja, mkataba unaandikwa kiasi kingine, ili ile asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza mali, ipungue. Ndiyo sababu ripoti ya uthamini inapelekwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kabla ya uhamisho. Lakini bei ni neno la watu wawili. Ukubwa umepimwa na mtaalamu, ukachorwa, ukasajiliwa, na mtu yeyote mwenye futi anaweza kwenda kuuhakiki, kama tulivyofanya sisi.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeuuliza. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida na kingine kwa ghorofa, na ukubwa wa ndani haumo kwenye hesabu. Mimi sina ugomvi na LUKU, imeturahisishia. Ila kodi ingefuata mita za mraba, mwenye nyumba angekuwa wa kwanza kusema nyumba yake ni 128, tena angekimbia na ramani mkononi. Kwa sasa kuongeza mita kwenye tangazo hakumgharimu hata senti.

Wenzetu walishalishughulikia hili. Ufaransa, tangu 1996, anayeuza nyumba ndani ya jengo la pamoja lazima aandike mita za ndani. Kuta, ngazi na baraza havihesabiwi, wala mahali ambapo dari liko chini ya mita 1.80. Ikigundulika pungufu kwa zaidi ya asilimia 5, mnunuzi ana mwaka mmoja wa kudai arudishiwe sehemu ya bei. India, ambako hesabu ya kuchanganya korido ilikuwa imeota mizizi, sheria ya mwaka 2016 ilitaka nyumba iuzwe kwa eneo la ndani.

Sisi hatuhitaji hata kwenda mbali hivyo. Namba tunayo, iko kwa Msajili. Tangazo la nyumba yenye hati ya sehemu ya jengo libebe namba hiyo, basi. Na miaka iliyobaki kwenye hati ya ardhi iandikwe pia, maana kati ya hati ya miaka 33 na ya 99 kuna tofauti ya maisha ya mtu. Na stoo isiitwe chumba.

Mdogo wangu alirudi na ofa ya milioni 248, ambayo ni mita 128 kwa bei ya tangazo lao wenyewe. Muuzaji akakataa. Juzi limerudi mtandaoni, picha zilezile, 165 ileile, safari hii wameandika "imebaki moja tu". Nimemwandikia dalali na kumwekea namba ya kwenye ramani. Ameisoma. Tangazo bado liko hewani.