Mwaka Mmoja, Dunia Nzima

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutajia sababu sita za kukua kwa miji ya pwani ya Afrika Mashariki bila kukwama. Atakupa nyingine sita za safari za Wareno, na ukimgusia Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 atakujazia kurasa mbili, utangulizi na hitimisho vikiwemo. Sasa muulize: wakati Wareno wanaanza kutoka kwao, huku Malindi na Kilwa watu walikuwa wanafanya nini? Kimya. Mambo yote mawili anayajua, lakini moja liko kwenye daftari la mwaka jana na jingine kwenye la mwaka juzi. Anaisoma dunia kama mtu anayesoma vipande vya gazeti vilivyofungiwa maandazi: habari ni za kweli, ila haziko pamoja.

Nafundisha historia sekondari, na kila wakati walimu wa somo hili tukikutana malalamiko ni yaleyale: mada ni nyingi, vipindi ni vichache. Sikatai. Lakini hata muhtasari ukikatwa nusu leo, mwakani watoto watakuwa wamekariri hiyo nusu kwa mtindo uleule. Tumezoea kuipeleka historia mbele tu, mada baada ya mada, na hatusimami hata mara moja kutazama kando. Mimi naona inafaa tuchague miaka michache, tusimame ndani ya kila mmoja, na kabla hatujasonga tuulize: mwaka huu, kwingine duniani kulikuwa na nini?

Mwaka ninaoupenda kuliko yote ni 1415. Katika mwaka huo wajumbe wa Malindi walifika China wakiwa na twiga, zawadi kwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Mwaka uliotangulia twiga mwingine alikuwa amefikishwa huko na wajumbe wa Bengal. Wachina wa ikulu walimfananisha na mnyama wa baraka wa hadithi zao za kale, wakamchora. (Hapa lazima mwanafunzi mmoja atauliza twiga alikuwa anakula nini melini miezi yote hiyo. Swali hilo hula dakika kumi za kipindi, na mimi huziacha ziliwe.) Huo ni wakati wa amiri Zheng He, Mwislamu kutoka Yunnan, ambaye safari yake ya kwanza ya 1405 iliondoka na watu wapatao 27,000.

Na Wareno je? Agosti ya mwaka huohuo wa 1415 walivuka mlango wa bahari wakauteka mji wa Ceuta, Afrika Kaskazini. Basi. Nchi ndogo pembezoni mwa Ulaya imepata mji mmoja ng'ambo ya maji.

Nikifika hapo nafunga kitabu, nawauliza: tuko 1415, hakuna anayejua ya kesho, Bahari ya Hindi itakuja kutawaliwa na nani? Darasa zima linasema China. Wachache wanasema Waarabu, mmoja mbishi atasema Malindi. Hakuna anayewataja Wareno, na wana haki, kwa sababu kwa ushahidi wa mwaka ule hakuna mwenye akili zake angewataja. Halafu ndipo nawaambia kwamba safari zile kubwa za China zilikoma 1433, kwamba Vasco da Gama alipoondoka Lisbon 1497 alikuwa na meli nne na watu kama 170, kwamba mwaka uliofuata alipewa rubani hapo hapo Malindi wa kumvusha hadi Calicut, India, na kwamba 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliishambulia Kilwa, kisha Mombasa ikachomwa moto.

Hapo maswali huanza yenyewe. China iliacha kwa nini? Tunazungumza gharama, tunazungumza hofu ya Wamongolia mpakani kaskazini, tunazungumza mivutano ya ikulu kati ya waliozitaka safari na waliozipinga. Wareno walikuwa wanatafuta nini ambacho China haikukihitaji? Hata zile sababu sita za daftarini zinapata pa kukaa, maana sasa kuna swali zinalolijibu. Na kubwa zaidi kwangu: mtoto anaacha kuamini kwamba ukubwa wa Ulaya uliandikwa tangu mwanzo na kwamba sisi tulikaa ufukweni tukisubiri kugunduliwa.

Nina mwaka mwingine, huu ni mchungu. Julai 1776, Philadelphia, Wamarekani wanatangaza uhuru na kuandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwandishi mkuu wa tangazo lile, Thomas Jefferson, alikuwa mwenyewe anamiliki watumwa. Septemba ya mwaka huohuo, Kilwa, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice anatia saini mkataba na sultani wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa Ile de France, ndiyo Mauritius ya leo. Na mwezi Machi wa mwaka huo mashine mpya ya mvuke ya James Watt ilikuwa imeanza kazi katika machimbo ya makaa ya mawe Uingereza.

Katika utaratibu wetu wa kawaida mambo haya matatu hayakutani kamwe. Biashara ya utumwa ya Afrika Mashariki ina mada yake, mapinduzi ya viwanda yana yake, Marekani inangoja hadi kidato cha tano kwa wale watakaofika na kuchagua historia. Yaweke kwenye ubao mmoja, siku moja, uone. Sihitaji kuhubiri chochote kuhusu unafiki wa wakubwa. Watoto wanauona wenyewe, na wanaona pia kwamba kulikuwa na sultani wa kwetu upande mmoja wa ule mkataba. Hilo la mwisho huwa linaleta ubishi mkali kuliko yote, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa hapa kuna mtego, na naujua. Mambo kutokea mwaka mmoja si lazima yawe yamesababishana. Mfano wake ni 1905. Mei, Japani inazizamisha meli za Urusi huko Tsushima. Urusi yenyewe iko katika mapinduzi. Julai, huku kwetu, Wamatumbi wa upande wa Kilwa wanang'oa pamba na Vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani inaanza. Mwanafunzi mwepesi atakuandikia kwamba upepo wa mapinduzi ulivuma kutoka Urusi hadi Kilwa. Haukuvuma. Mmatumbi aliyelazimishwa kulima shamba la pamba la akida, wakala wa serikali ya Kijerumani, hakuhitaji habari za Urusi ili achoke. Lakini fuata ile pamba yenyewe: kwa nini Mjerumani aliing'ang'ania hivyo? Kwa sababu viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na Berlin ilitaka kupata ya kwake kwenye makoloni. Uzi wa kweli unakwenda Marekani, hauendi Urusi. Kazi hii ya kutenga kilichoungana na kilichokutana tu kwa bahati ndiyo historia. Kukariri ni maandalizi yake.

Na uzi wa pamba na Marekani una mizizi ya nyuma zaidi. Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Wamarekani 1833. Mwaka 1840 jahazi lake, Sultana, likatia nanga New York likiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha merikani, kilichofumwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Kitambaa hicho kilibebwa na wapagazi hadi Tabora na Ujiji, kikarudi kwa sura ya pembe za ndovu, na pembe zile zikaishia Connecticut zikichongwa vibonyezo vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani 1861, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi sokoni. Kipindi kimoja kinatosha kulieleza hilo, na mtoto wa Tabora akishalisikia hatauona tena mji wake kuwa pembeni ya dunia.

Wapo wenzangu wanaosema tuanze na ya nyumbani, ya dunia yatafuata. Wanaongezea kwamba ndiyo maana sasa tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nakubali nyumbani kuja kwanza, ila nyumbani kwetu hakujawahi kuwa peke yake. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, akaisifu, kisha miaka ishirini baadaye akawa Mali: macho yaleyale yameiona pwani yetu na nchi ya Mansa Musa. Sarafu ya sultani aliyempokea Kilwa imepatikana Zimbabwe Kuu, na vigae vya vyombo vya China vimefukuliwa Kilwa kwenyewe. Ukitaka kufundisha Kilwa bila dunia, utafundisha magofu.

Vifaa? Karatasi za manila zilizounganishwa kwa gundi, kalamu ya wino mzito, ukuta. Safu moja ya pwani, moja ya bara, kisha Afrika kwingine, Asia, Ulaya, Amerika. Kila mada ikiisha, kikundi kimoja kinaandika kwenye safu zote kilichokuwa kinaendelea mwaka uliochaguliwa. Safu ya Ulaya hujaa mapema. Ya Amerika kabla ya 1492 hubaki nyeupe hadi mtu aende maktaba akutane na Wainka, na ya Asia nayo husinzia muda mrefu. Weupe ule unawaonyesha wanafunzi vitabu vyetu vimetazama wapi. Kwa karne ya 20 nawatuma nyumbani: waulize babu na bibi kuhusu 1973 na 1974. Wanarudi na habari za kuhamishiwa vijijini, ukame na mahindi ya njano. Kisha tunaweka pembeni vita ya Oktoba 1973 Mashariki ya Kati na bei ya mafuta iliyopanda karibu mara nne ndani ya miezi michache, na tunaanza tena kutenga: lipi limesababisha lipi?

Linabaki suala la mtihani, ambalo ndilo linaloamua kila kitu, tusidanganyane. Ningeomba swali moja tu kwenye karatasi ya taifa: mpe mtahiniwa mwaka, tuseme 1415 au 1905, na sehemu nne za dunia, aeleze kilichotokea na aonyeshe kipi kinahusiana na kipi. Wasahihishaji watalalamika kwamba swali la namna hiyo halina hoja sita. Ni kweli, halina. Linaweza kuwa na tatu kwa mwanafunzi mmoja na saba kwa mwingine, na yule atakayeandika "haya mawili hayana uhusiano" akatoa sababu apewe alama zake kamili.