Bosi Hana Nasaba

Katika mji huu wa Lubumbashi, kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu watatu, kila mmoja akapewa karatasi yake iliyogongwa mhuri, na wote watatu wakaendelea kusalimiana kanisani. Lakini mbwa akitaka kutoka hapa kwenda Ufaransa, ni lazima kwanza ijulikane baba yake ni nani. Katika ukoo wetu wapo watu wazima ambao swali hilo haliulizwi mbele yao, kwa heshima ya mabibi, na sasa mimi nimepewa kazi ya kulitafutia jibu kwa ajili ya mbwa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Bosi. Ni wa binti yangu, ingawa anayemlisha ni mimi, na anayelipa kuku wa majirani ni mimi vilevile. Binti yangu anahamia Lille, mji wa Ufaransa, kwa mume wake. Viza ameipata baada ya kuulizwa maswali ambayo hata padri hakumwuliza siku ya ndoa, na alipoipata akatangaza kwamba bila Bosi haondoki. Nikamwambia, “Mwanangu, mahari tuliyopokea yalikuwa ya mtu mmoja, mbwa hakuwamo katika mazungumzo.” Akanijibu kwa upole, “Baba, wewe shughulikia karatasi tu.” Neno hilo “tu” limenila viatu jozi nzima.

Sheria ya Ufaransa ya tarehe 6 Januari 1999, pamoja na amri ya mawaziri iliyoifuata mwezi Aprili, imewagawa mbwa wanaoogopwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale ambao kwa umbo wanafanana na American Staffordshire Terrier, ambao ndio watu huwaita pitbull, au na Mastiff, au na Tosa wa Japani, lakini hawakuandikwa katika kitabu cha nasaba kinachotambuliwa na serikali. Kundi la pili ni American Staffordshire Terrier na Tosa walioandikwa, pamoja na Rottweiler, awe na karatasi au asiwe nazo. (Rottweiler bila shaka ana mjomba wake wizarani, sioni maelezo mengine.) Wa kundi la pili huruhusiwa kuingia, mradi avalishwe kifunga kinywa na kushikwa kamba barabarani, na mwenye mbwa awe na kibali, ambacho hakipatikani mpaka yeye mwenyewe akae darasani saa 7 akifundishwa tabia za mbwa. Wa kundi la kwanza haruhusiwi kuingizwa nchini, wala kuuzwa, wala kutolewa zawadi, na anayemwingiza anaweza kufungwa miezi 6 na kutozwa faini ya euro 15,000.

Yaani wawekeni mbwa wawili mbele yenu, kichwa kile kile, taya lile lile, meno yale yale: mmoja ni raia mwenye masharti, mwingine ni kosa la jinai, na kinachowatenganisha ni karatasi. Miaka yote nilidhani kwamba shida ya kufika Ulaya bila karatasi ilitengenezwa kwa ajili yetu sisi.

Nasaba ya Bosi kwa upande wa mama ninaifahamu vizuri. Mama yake alikuwa mbwa mwekundu wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, mpole, aliyelala chini ya meza ya mama mmoja muuza mikate na kuamka pale tu mkate ulipoanguka. Baba yake aliruka ukuta wa lupango, yaani ua wa nyumba, usiku mmoja umeme ulipokatika, akaondoka kabla ya mapambazuko bila kuacha jina. Aliacha kichwa, hata hivyo. Bosi ana kichwa kipana cha kuvunjia milango, na kila mpita njia anayemwona kwa mara ya kwanza hubadilisha upande wa barabara, wakati Bosi naye, ambaye huogopa radi na mbuzi, amekwisha kujificha nyuma ya pipa la maji.

Kwa kuwa amri ile inataja vipimo, niliazima futi ya kamba kwa mshonaji wa jirani. Wa aina ya pitbull ana mzunguko wa kifua wa sentimita 60 hadi 80 hivi, na kimo cha 35 hadi 50. Wa aina ya Mastiff amezidi 80 kifuani, na kimo chake ni kati ya 50 na 70. Mke wangu alishika kichwa, mtoto wa jirani akashika mkia, na Bosi akasimama kama bwana harusi anayepimwa suti, akiwa amevuta pumzi na kukataa kuitoa. Kimo: 50 kamili. Kifua: 79. Nikashusha pumzi kwa niaba yetu wote wawili. Ndipo mke wangu, ambaye ana tabia ya kutaka uhakika, akasema tumpime tena baada ya kula. Akala bukari, yaani ugali, na dagaa wa kapenta, tukampima, tukapata 82. Kwa hiyo asubuhi mbwa wangu ni pitbull, jioni ni Mastiff, na saa zote mbili ni marufuku.

Kuhusu kichaa cha mbwa sina ugomvi na mtu. Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na nchi yoyote ina haki ya kuuogopa. Kwa hiyo Bosi amewekewa chipu shingoni, amechanjwa, na zikipita siku 30 atatolewa damu itakayopelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kuona kama kinga yake imefika nusu yuniti kwa mililita. Ikifika, atasubiri miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Hayo yote nimeyakubali, kwa sababu ni mambo ya ndani ya mwili wake, na yanapimika. Shemeji yangu wa Kasumbalesa, mpakani, anacheka tu. Anasema kwamba mbwa wa kule huenda Zambia asubuhi kutafuta mifupa na kurudi jioni, wakipita chini ya malori ya shaba, na hakuna aliyewahi kuwaomba hata kadi ya chanjo.

Shemeji huyo huyo ndiye mshauri wetu wa mambo ya nje. Alipendekeza Denmark, tukakuta kwamba tangu mwaka 2010 wamepiga marufuku aina 13, akiwemo Boerboel, mbwa wa Afrika Kusini hapo chini. Akapendekeza Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1991 nayo hutazama umbo, na tangu Februari 2024 hata mbwa wa aina ya XL Bully hafugwi bila cheti maalumu. Uholanzi ndiyo iliyomfurahisha: iliwapiga marufuku pitbull mwaka 1993, na mwaka 2008 ikaamua kuachana na marufuku hiyo kwa sababu watu waliendelea kuumwa vilevile. “Mpitisheni Amsterdam,” akasema, bila kutaja jinsi mbwa atakavyoishi Amsterdam na mke aishi Lille.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba Kongo tayari ina mbwa wake anayeheshimiwa Ulaya. Basenji alitoka katika misitu yetu, akaonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London mwaka 1937, na leo ana vitabu vya nasaba ambavyo baadhi ya machifu hawana. Sifa yake kubwa ni kwamba habweki. Katika mbwa wetu wote, wamemchagua yule asiyebweka! Mleteni huku Katuba alinde lupango wiki moja, halafu mniambie mmebakiwa na masufuria mangapi.

Mkwe wangu, kijana mwenye adabu, alikwenda kuzungumza na daktari wa mifugo wa hukohuko, kwa sababu ndiye mwenye ruhusa ya kuandika kwamba mbwa fulani yumo au hayumo katika makundi hayo. Tulimtumia picha za Bosi alizopigwa asubuhi kabla ya kula, upande ule ambao kichwa huonekana chembamba. Daktari akajibu kwamba picha hazitoshi, ni lazima amwone na kumshika mbwa mwenyewe. Kwa hiyo Bosi hawezi kuingia Ufaransa mpaka ithibitishwe kwamba si wa kundi la kwanza, na hawezi kuthibitishwa mpaka awe ameingia Ufaransa.

Binti yangu amelia, kisha amekata tiketi ya mtu mmoja. Masharti yake ni kwamba Bosi apigiwe simu ya video kila jioni, baada ya chakula, akiwa amefutwa mdomo. Megabaiti ni juu yangu.