Barabara ya Cariboo: wanaoisifia na wanaoilaumu wote wanaruka kitu

Ile barabara ya magari ya ng'ombe kwenda machimbo ya dhahabu ya Cariboo, British Columbia huko Kanada, watu wanaibishania mpaka leo, wengine maajabu wengine laana.

Wanaosifia wana pointi bwana. Mchimbaji Billy Barker alipopata dhahabu kwenye kijito cha Williams Creek huko Cariboo mwaka 1862 ilikuwa futi kama 50 chini, sio ya kuchekecha na karai mtoni, hapo unataka pampu na vyuma vizito, sasa nyumbu (chotara wa punda na farasi) atabeba nini mgongoni? Kuna jamaa walileta hadi ngamia, 23 hivi, mawe yakawachana nyayo na nyumbu wakisikia tu harufu yao wanatimua mbio na mizigo ya watu, biashara ikafa (ningelipa kiingilio kuona hiyo). Gavana James Douglas alikuwa ameshaamua hata kabla ya Barker kupata dhahabu kwamba ichongwe njia ya futi 18 upana, ikaja kutoka mji wa Yale mpaka Barkerville huko machimboni, kama kilomita 640, na kwenye korongo la mto Fraser mwamba ukalipuliwa kwa baruti.

Tatizo ni kwamba inakamilika 1865 wakati kilele cha dhahabu kilishapita 1863. British Columbia, wakati huo koloni la Waingereza, ikabaki na deni, 1866 ikaunganishwa na koloni la Kisiwa cha Vancouver, 1871 wakaingia Kanada na Kanada ikabeba madeni. Halafu reli ikaja ikabomoa vipande vya barabara kwenye lile lile korongo!

Ila wanaolaumu nao wanachanganya mambo. Vita ya Watsilhqot'in (kabila la wenyeji) ya 1864, ile iliyoishia machifu 6 kunyongwa (serikali ya Kanada ilikuja kuwasafisha jina 2018), ilitokana na barabara nyingine kabisa, ya mfanyabiashara Waddington kutoka Bute Inlet huko pwani, ambayo haikuisha. Ukiibebesha Cariboo kosa hilo unawapa wanaosifia mwanya wa kukukatalia yote.

Kosa lake lenyewe mbona liko wazi tu, imepita kwenye ardhi ya wenyeji, Wanlaka'pamux na Wasecwepemc, bila mkataba wowote. Na cheki mkandarasi Joseph Trutch, alijenga daraja la Alexandra kwenye barabara hiyo 1863 akawa anakusanya ushuru kwa kila anayevuka, 1864 akapewa usimamizi wa ardhi ya koloni zima, na huyohuyo ndo akaanza kuyapunguza maeneo waliyotengewa wenyeji.