Mwenye fagio ndo anajua mgonjwa anaumwa nini

Siku hizi kila semina ya afya utasikia watumishi wajue mila za wagonjwa na wafanye kazi kama timu. Mi nakubali nusu, nusu ingine inanipa wasiwasi.

Nusu ninayokubali nimeiona kwa bibi yangu wa Kwimba. Tulimlaza hospitali moja hapa Mwanza, dokta kijana wa Mbeya, mpole tu, ila kila anachouliza bibi anajibu ndiyo. Dawa umemeza? Ndiyo. Za kienyeji hujatumia? Ndiyo. Ile ni ndiyo ya heshima bana, Kiswahili chenyewe anakipata kwa mbali. Kesho yake mhudumu anayedeki wodi akapiga goti kidogo, akamwamkia Kisukuma, "mwangaluka mayu", na hapo bibi akafunguka, kumbe kuna mizizi kachemshiwa wiki nzima, na vile vidonge vya mara tatu anameza mara mbili kwa sababu kaambiwa kila baada ya kula na yeye kwake anakula mara mbili. Raundi ya madaktari ilipopita yule dada akaambiwa toa ndoo hapo. Ikabidi mimi nimwambie nesi, nesi amwambie dokta.

Halafu chumba cha upasuaji hiki kitu kimeshafikiriwa zamani, ile cheklist ya WHO ya 2008 inataka kabla ya kisu kila aliyemo ataje jina na kazi yake, ili hata mdogo akiona kosa awe na mdomo. Wodini mbona hatuna?

Sasa wengine wanasema dawa ni kuajiri wa hukuhuku. Hapo nasita. Nenda Ukerewe, kwanza kule kuna Wakerewe, Wajita, Wakara, Kisukuma peke yake hakikufikishi, af nesi akiwa mtoto wa shangazi yako utamfungulia habari za VVU? Mgeni ana faida yake, hamjui mama mkwe wako.

Na hizo mila zikifundishwa vibaya zinageuka muhuri. Degedege kwa mfano: ni kweli wapo wanaoamini mtoto akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo wanaanzia kwa mganga, na nesi anayelijua hilo atauliza vizuri. Ila mwingine akishalijua anamfokea kila mama wa Kisukuma, "mmetoka kwa mganga nyie", hata aliyekuja na bodaboda usiku moja kwa moja. Huo sio ujuzi wa mila, ni dharau iliyopewa cheti.

Mi ningeanza na mhudumu aingie kwenye ripoti ya asubuhi, afundishwe kutunza siri, na hiyo kazi ya ukalimani alipwe.

Ila siku tunaruhusiwa nilimuuliza yule dada mhudumu kwao wapi Usukumani, Magu au Misungwi. Akacheka. Mjita wa Musoma, Kisukuma kakiokota Mwaloni Kirumba akiuza dagaa.