Maziwa ya Bure

Jana jirani yangu alinikuta nikipanda mawe ya Bugarika, hapa Mwanza, na kapu la samaki mkononi, akanipongeza kwa kuwa watoto wangu wananyonya na hivyo hawanigharimu kitu. "Maziwa ya mama ni bure," alisema, naye ni mtu mzima aliyekwisha kuoa.

Kwa heshima zote, Kulwa na Doto wana miezi 3, na maziwa yao hupitia kwanza mfukoni mwangu yakiwa supu ya sato, uji wa ulezi wenye karanga na chai ya maziwa ya saa nne usiku. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nilishangilia kama mzalendo, bila kufikiri kwamba mama mkwe naye anakaa Sengerema, ng'ambo ya daraja hilo. Nilipopendekeza supu ya mapanki, yale mabaki ya sangara aliyekwisha kutolewa minofu, alinitazama kwa upole wa kutisha, akasema, "Baba Kulwa, mwanangu hakuzaa mifupa."

Kwa hasira hiyo niliingia duka la dawa, nikiwa nimekwisha kuamua kwamba maziwa ya kopo yatanipumzisha. Dada muuzaji aliteremsha kopo la gramu 400 kutoka rafu ya juu kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mwenyewe. Alipotaja bei, nilimwuliza kama ni ya katoni.

"Ni ya hili moja, baba."

Akachukua kikokotoo. Mtoto wa umri huo akinywa mililita 750 kwa siku, hutumia karibu gramu 100 za unga. Kwa hiyo kopo ni siku 4. Nikamwambia wako wawili. Akabonyeza tena: siku 2. Nilinyamaza, lakini yeye aliendelea: makopo 15 kwa mwezi, chupa, gesi ya kuchemshia maji na chupa hizo kila mara, "na usizidishe maji ili likae zaidi, baba, watoto watadhoofika," jambo ambalo, naapa, ndiyo kwanza nilikuwa naanza kulifikiria.

"Mama yao hana maziwa?"

Anayo.

"Anaumwa?"

Haumwi.

"Sasa kopo la nini?"

Waliokuwa nyuma yangu wakasogea karibu ili wasikose jibu. Nikanunua dawa ya kichwa.

Sheria humpa mama wa pacha siku 100 za likizo yenye malipo, na akirudi kazini hupata kila siku hadi saa 2 za kunyonyesha. Mimi nilipewa siku 3, nikazimalizia zote Mwaloni, Kirumba, nikibishania sato. Ziwa lote lile! Ninaliona kutoka mlangoni, minofu ya sangara wake inapanda ndege kwenda Ulaya, halafu mimi naulizwa kama nina hela ndogo! Nikahamia kwenye dagaa, ambao, nieleweke, walikuwa chakula changu mimi nisiyenyonyesha mtu. Muuzaji akasema mbalamwezi inawaka na wavuvi wanaovuta dagaa kwa taa wamepumzika, kwa hiyo nirudi siku za giza zikianza.