Bibi wa Utrecht kauliza, sisi wa Kibosho je?

Jumamosi dukani hapa Utrecht, Uholanzi, bibi mmoja mbele yangu alichukua pakiti ya kahawa, akavaa miwani, akaigeuza kutafuta lebo ya Fairtrade, ile alama ya biashara ya haki kwa mkulima. Hakuiona. Akairudisha, akachukua nyingine ya bei juu. Nikamkumbuka mama alfajiri kule Kibosho, Kilimanjaro, anazungusha mpini wa mashine ya kumenya kahawa, vidole vimekakamaa kwa maji ya baridi.

Pale Moshi mjini, nani amewahi kumuuliza mwenye mgahawa kahawa yake imetoka chama gani cha ushirika, na mkulima kalipwa ngapi? Harusini tunapika mtori, tunachinja mbuzi, mbege haikauki, halafu kwenye kahawa tunaleta chupa ya maji ya moto na kopo la kahawa ya unga ya dukani. Na mwenye shughuli ana mibuni ya babu yake kihambani, shamba la ukoo! Hili linaniuma.

Najua mtasema, "Kaenda Ulaya, sasa anatufundisha kunywa kahawa." Sifundishi mtu. Nimelelewa kwa kahawa hiyo, ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Na kuuliza si jambo la Wazungu. Lebo ya kwanza ya namna hii ilianza hapa Uholanzi mwaka 1988, kwa kahawa ya Mexico. Lakini wazee wetu walikuwa na chama chao cha wakulima tangu 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ikaanzishwa 1933. Walikaa chini wakasema hatuuzi kila mtu kivyake. Nani alikuwa amewafundisha?

Mwingine atasema lebo ni ya kumtuliza Mzungu roho. Basi tazama hesabu. Tangu 2023 bei ya chini ya Fairtrade kwa arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili. Soko likizidi hapo, inalipwa bei ya soko. Juu yake kuna senti 20 za chama, na matumizi yake yanaamuliwa na wanachama mkutanoni. Ndiyo, fedha hiyo inapitia chama kwanza, haiingii moja kwa moja mkononi mwa mama, na makato ya njiani mnayajua kuliko mimi. Hapo ndipo pa kuuliza! Bibi wa Utrecht hawezi kuhudhuria mkutano wa chama cha msingi. Nilipomwambia natoka Kilimanjaro, alijua mlima tu, hakujua kwamba kuna watu wanalima pale. Sisi tunawajua hadi kwa majina, na wanang'oa kahawa wapande parachichi tukiangalia.

Desemba nilipopanda nyumbani nilimuuliza mama kalipwa ngapi kwa kilo, malipo ya kwanza na ya pili. Alinitazama kwanza. Kisha akaleta kopo la zamani la maziwa, akatoa stakabadhi za miaka yote, akaanza kuzipanga mezani mojamoja. Tangu baba afariki, hakuna aliyekuwa amemuuliza.