Mtoto Anayeshinda Akizungusha Uzi

Desemba 2025 Nnena Kalu alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa nchini Uingereza, akawa msanii wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kuipata. Amezaliwa Glasgow kwa wazazi Wanigeria, ana usonji (autism), hali ya ubongo inayomfanya mtu awasiliane kwa namna tofauti, na maneno yake ni machache sana. Anachukua kamba, vitambaa na kanda za video, anazungusha, anafunga, anazungusha tena, mpaka linatokea dude kubwa la rangi kali linaloning'inia. Michoro yake ni hivyohivyo, duara juu ya duara.

Huko kurudiarudia ndiko kulikonigusa. Hapa Mtwara mtoto mwenye usonji anayeshinda akizungusha uzi kwenye kijiti tunamnyang'anya, tunasema huo ndio ugonjwa wenyewe. Wageni wakija anaingizwa chumbani. Na palepale barazani bibi yake anasuka ukili, mkono unarudia jambo lilelile tangu asubuhi, naye tunamwita fundi!

Kuna atakayenitajia George Lilanga wa Masasi, mchongaji na mchoraji, kwamba hata kwetu msanii mwenye ulemavu alitambuliwa. Ni kweli, na ninamwonea fahari. Hakusomea sanaa darasani, alianza kwa kuchonga mihogo. Uzeeni kisukari kikasababisha akatwe miguu, na bado akaendelea kuchora. Lakini alipopoteza miguu tayari alikuwa Lilanga. Watu walishaijua kazi yake. Aliyezaliwa na ulemavu hana jina la kumtangulia, kwa hiyo hakuna anayemshikisha hata brashi.

Kalu alishikishwa. Tangu 1999 anafanyia kazi zake ActionSpace, shirika la London linalowasaidia wasanii wenye ulemavu wa akili. Pale ana nafasi, ana vifaa, ana watu wanaomwelewa bila maneno mengi. Tuzo imekuja baada ya zaidi ya miaka 25.

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mwenye genge au cherehani inamfaa, na nisingependa iguswe. Ila kijana wa namna ya Kalu mkopo hautamfaa: marejesho yataanza kudaiwa kabla hajajua mkono wake unapenda nini.

Ombi langu liko kwa wachongaji wetu wa Kimakonde na akina mama wa ukili, wanaokaa kazini pamoja kila siku. Mpeni mmoja wa vijana hawa nafasi katikati yenu, na msasa, na vipande vya mpingo au ukili uliobaki. Mwaka wa kwanza msimuulize ametengeneza nini cha kuuza.